Rebmann wa Rabai: yanayosemwa na yaliyokuwa

Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, bado ipo nyumba ya Johannes Rebmann, jirani na kanisa lililojengwa mwaka 1887. Watu wanapomtaja mmisionari huyu, wengine humsifu kana kwamba aliileta nuru peke yake, na wengine humlaani kana kwamba alitumwa kuja kupima mashamba. Pande zote mbili zinawasahau waliompokea. Rebmann ninayetaka kumzungumzia ni kijana wa miaka 26 aliyeshuka Mombasa Juni 1846, hajui lugha, na kabla hajatulia homa ikamwangusha.

Dhana ninayokutana nayo zaidi ni kwamba alikuwa Mwingereza, mtangulizi wa serikali ya kikoloni. Alizaliwa Gerlingen, katika ufalme wa Württemberg, mwaka 1820. Nchi moja iitwayo Ujerumani ilikuwa haijaundwa. Iliundwa mwaka 1871. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na Church Missionary Society ya London, chama kilichokuwa na pesa lakini kikikosa vijana wa kutosha, kwa hiyo kikawachukua Wajerumani wengi. Pwani ilikuwa chini ya Seyyid Said wa Zanzibar, na ni barua ya Seyyid Said, aliyopewa mmisionari mwenzake Ludwig Krapf mwaka 1844, iliyowafungulia milango kwa maliwali, watawala wa miji ya pwani. Mkutano wa Berlin, wa mataifa ya Ulaya kuhusu Afrika, ulianza mwaka 1884, Rebmann akiwa kaburini miaka minane. Hata hivyo sitaficha upande wa pili. Habari za maziwa ya bara alizokusanya pamoja na Jakob Erhardt, wakazichorea ramani, zilichangia kuwaleta wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke mwaka 1857, na waliofuata baada yao hawakuja na Biblia peke yake. Maarifa yake yalitumiwa na watu wengine kwa kazi nyingine, ila kusema alitumwa kwa kazi hiyo ni kusema uongo.

Wapo pia wanaodhani alijichagulia kilima, akajenga, watu wakamiminika. Agosti 25, 1846, siku ambayo yeye na Krapf walihamia Rabai, wote wawili walikuwa na homa na walipanda kilima kwa taabu. Wakati ule homa ilidhaniwa kuletwa na hewa mbaya, na kilimani hewa ilionekana safi zaidi kuliko kisiwani. Mbu hakushukiwa, daktari Ronald Ross alikuja kuthibitisha habari za mbu mwaka 1897. Ardhi ilitolewa na wazee wa Rabai baada ya kukaa barazani. Krapf ameandika maneno yao: ndege wana viota, na Wazungu nao lazima wawe na nyumba. Kila nikiyasoma nasimama kidogo. Ndivyo mwenye nchi anavyosema na mgeni asiye na pa kulala, na kijana huyu alianza kazi yake akiwa mgeni wa namna hiyo.

Kanisa halikujaa. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai, Mringe, alibatizwa mwaka 1851 akiwa mlemavu aliye karibu kufa. Miaka mitano, roho moja. Umati uliokuja kuijaza Rabai ulitokana zaidi na watumwa waliotoroka na wale waliokombolewa, hasa baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa Zanzibar, na wakati huo Rebmann alikuwa mzee anayepoteza macho.

Sasa nifike kwenye Kilimanjaro, maana hapo ndipo uongo ulipokaa sana. Vitabu vya shule vilitukaririsha: Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Ukweli ni kwamba alipelekwa. Aliondoka Rabai mwishoni mwa Aprili na wapagazi wachache, mwavuli mkononi, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyezijua njia za Uchagani. Kabla ya kuondoka alionywa Mombasa asiupande mlima ule: umejaa majini, waliojaribu walikakamaa mikono na miguu, na baruti zao zilikataa kulipuka. Watu husoma onyo hilo wakacheka. Mimi naona ni taarifa ya baridi kali iliyotolewa kwa maneno waliyokuwa nayo watu wa pwani, maana mwili hukakamaa hivyo hivyo kwenye barafu.

Asubuhi ya Mei 11 aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamwuliza Bwana Kheri. Bwana Kheri akajibu kwamba kule ni wingu, ila weupe ule hajui ni nini. Anadhani ni baridi. Kwa jibu hilo Rebmann akatambua ni theluji, kitu alichokulia nacho utotoni. Akaketi chini ya mti akasoma Zaburi ya 111. Mpe sifa ya kuwa wa kwanza kuipeleka habari ile Ulaya kwa maandishi, ni haki yake. Lakini neno la kwanza kuhusu theluji ile katika simulizi yake lilitoka kinywani mwa Mswahili, na lilikuwa neno sahihi.

Wachagga wenyewe walijua zaidi ya baridi. Walimwambia kwamba jina la kile cheupe ni Kibo. Wakasimulia habari za Rungua, mtawala wa Machame, aliyewahi kutuma watu wakakione kile cheupe, akitumaini ni fedha. Alirudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu imeharibika kwa baridi. Huo ni uchunguzi uliofanywa kabla Rebmann hajafika Uchagani, na uligharimu maisha ya watu. Nataka jina la Sabaya lifundishwe darasani pamoja na la Rebmann.

Wengine hudhani Ulaya ilimpigia makofi. Habari ilipochapwa London mwaka 1849, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kufika hapa, alikataa katakata kuwepo kwa theluji karibu na ikweta. Rebmann alisubiri hadi mpelelezi Mjerumani von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861, na mwaka uliofuata von der Decken akapanda pamoja na Otto Kersten hadi juu ya mita 4,000, theluji ikawaangukia.

Katika safari ya tatu, mwaka 1849, alikusudia kufika Unyamwezi. Mangi (mtawala) Mamkinga wa Machame alimmalizia vitambaa na shanga kwa kudai zawadi baada ya zawadi, na Rebmann alilia machozi. Wapo wanaoongeza kwamba alipoondoka Wachagga walimtemea mate kwa dharau. Mate yalitemwa kweli, ila hayakuwa ya dharau. Uchagani mate ya namna ile ni baraka ya amani, na yalikwenda na maneno ya kumtakia safari njema. Kwamba alitakiwa kulipia baraka hiyo ni jambo jingine.

Juu ya lugha, husemwa wamisionari walitupa maandishi. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu zaidi ya karne moja kabla yao. Utendi wa Tambuka, shairi refu la Kiswahili, ni wa mwaka 1728. Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo mwaka 1844 alisaidiwa na Kadhi wa Mombasa. Rebmann naye, miaka ya 1850, alikaa na Salimini, mtumwa aliyetoka nchi za Ziwa Nyasa, akiandika maneno ya Kinyanja kutoka kinywani mwake. Kamusi ilichapwa mwaka 1877. Bila Salimini isingekuwepo.

Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi Ulaya. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, na aliyefuatana naye hadi Ujerumani ni Isaac Nyondo wa Rabai. Safari hii mgeni katika nchi ya watu alikuwa Nyondo. Rebmann alifariki Korntal, Ujerumani, Oktoba 1876.