Eti nafaka ni ya kujaza tumbo tu?

Bado kuna watu wanaamini viambato vizuri vya mimea viko kwenye matunda na mboga tu. Hii imani imelelewa na vipimo vya zamani jamani, unasaga nafaka, unaloweka kwenye spiriti ya maabara, unapima kilichoyeyuka, makapi unatupa. Kumbe mali yenyewe imebaki kwenye makapi! Mwaka 2002 Adom na Liu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakayatia kostiki soda, ileile ya wapika sabuni, ikakata vifungo, wakakuta kwenye mahindi kama asilimia 85 ya fenoliki, kundi mojawapo la hivyo viambato vizuri, zimeng'ang'ania nyuzi, mchele 62. Hata ukila haziachii mapema, mpaka bakteria wa utumbo mpana wazifungue. Na sisi tunakoboa tupate sembe nyeupe, pumba zenye nyuzi hizo anakula kuku.