Sayansi ya Mazingira si Kozi ya Waliokosa: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka na dirisha la udahili likafunguliwa, kuna kozi ambayo watu huijaza mwisho kabisa, kwa maelezo ya "nikikosa zote, basi hata hiyo." Ni Sayansi ya Mazingira. Anayeijaza hapo hajui inafundisha nini, na mjomba anayemshauri naye hajui. Wote wawili wanategemea maneno ya mtaani, na mengi ya maneno hayo ni ya uongo, ingawa mengine yana chembe ya ukweli.

"Utakuwa bwana afya"

Huu ndio mkanganyiko unaowaumiza watu zaidi, kwa sababu hugundulika wakati mtu ameshavaa joho. Bwana afya, yule anayeingia mgahawani kutazama jiko na kuuliza choo kiko wapi, ni mtaalamu wa afya ya mazingira. Yuko upande wa sekta ya afya, na ana baraza lake la usajili. Mhandisi wa mazingira ni mtu mwingine: huyo anasanifu mabwawa ya majitaka, mitambo ya kusafishia maji na madampo, na anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwanasayansi wa mazingira kazi yake ni kupima na kueleza: kitu gani kimeingia kwenye maji, hewa au udongo, kimetoka wapi, na kitamfanya nini aliyeko chini ya mkondo.

Uchukulie Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti na Jangwani hadi baharini. Bwana afya atauliza kuhusu kipindupindu kwenye nyumba za bondeni. Mhandisi atauliza mto upanuliwe wapi na kingo zijengwe vipi. Mwanasayansi atachota maji juu ya Vingunguti, atachota tena chini yake, kisha atawaambia wenzake tofauti ya chupa hizo mbili ina maana gani. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, lakini hakuna anayeweza kuketi kwenye kiti cha mwenzake.

Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha uhandisi wa mazingira, na pia sayansi na usimamizi wa mazingira, kama digrii mbili tofauti. Sokoine kule Morogoro wana sayansi na usimamizi wa mazingira. Sasa subiri nafasi zitangazwe kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali ya Tanzania: "Afisa Mazingira Daraja la II" na "Afisa Afya Mazingira Daraja la II". Neno moja tu limeongezeka, na linatosha kukuondoa kwenye mchujo kabla hujaitwa kwenye usaili. Soma jina la digrii neno kwa neno kabla hujabofya.

"Ni kozi laini, ya kupenda miti"

Ukitaja mazingira, wengi wanamkumbuka Wangari Maathai, na wana haki. Lakini Maathai hakusomea mazingira. Alikuwa mwanabaiolojia, na shahada yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1971, ilihusu anatomia ya wanyama. Harakati ya Ukanda wa Kijani aliianzisha mwaka 1977 akiwa na akina mama wa vijijini wasio na digrii yoyote. Kupanda mti hakuhitaji miaka mitatu ya chuo. Kama hicho ndicho unachokitaka, nunua miche.

Chuoni utakutana na kemia, tena nyingi. Utakutana na takwimu, elimu ya udongo, haidrolojia, ikolojia, sheria, na ramani za kompyuta. Wanaoacha njiani wengi hawashindwi na miti. Wanashindwa na takwimu.

Mfano wa kwa nini haya yote yanahitajika ni Mto Mara. Machi 2022, karibu na daraja la Kirumi, maji yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Wananchi wakaunyooshea kidole mgodi wa dhahabu wa North Mara, na hawakuwa wanaota: mwaka 2019 mgodi huo ulipigwa faini ya shilingi bilioni 5.6 na NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwa sababu ya uchafuzi uliohusishwa na bwawa lake la topesumu. Kamati ya serikali ikaja na jibu lake: kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mabaki ya mimea kwenye ardhioevu, vimemaliza oksijeni ya majini. Nchi nzima ikacheka. Ng'ombe wamekuwepo pale tangu enzi za mababu, iweje wauwe samaki mwaka huu?

Kicheko hicho ni haki ya raia, lakini mwanafunzi wa mazingira anatakiwa aende mbali zaidi ya kucheka. Kisayansi, kinyesi kinaweza kabisa kuua samaki bila tone la sumu. Vijidudu vinavyokiozesha vinatumia oksijeni iliyoyeyuka majini, na ikishuka sana samaki wanakosa hewa. Jambo hilo limeshachunguzwa kwenye mto huohuo, upande wa juu nchini Kenya: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mavi ya viboko zaidi ya 4,000 hujikusanya kwenye madimbwi wakati wa kiangazi, na mvua kubwa ikiyasomba, samaki wanakufa huko chini. Kwa hiyo "haiwezekani" si hoja. Swali lenye meno ni jingine: je, ndicho kilichotokea safari hii? Hapo unadai vipimo. Oksijeni ilikuwa kiasi gani, saa ngapi, sehemu zipi za mto? Sianidi na metali nzito zilipimwa siku ya ngapi, na maabara ipi? Nani alishika chupa za sampuli kuanzia mtoni hadi maabara? Anayejua kuuliza hivyo hadanganywi kirahisi na kamati, wala na umati.

"Ajira yake ni NEMC tu"

NEMC ni ofisi moja, na inaajiri kwa vipindi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilisambaza kazi hii mbali zaidi: inataka kila halmashauri iwe na afisa usimamizi wa mazingira, kila mkoa uwe na mtaalamu wake, na kila wizara ya kisekta iwe na sehemu ya mazingira. Ongeza bodi za maji za mabonde, ambazo ziko tisa, kuanzia Pangani hadi Ziwa Nyasa.

Huko ni serikalini. Nje ya serikali, wanaoajiri zaidi ni migodi, viwanda, wakandarasi na makampuni ya wataalamu elekezi. Mradi kama bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, hauwezi kwenda bila watu wa kufuatilia vumbi, kelele, maji, taka na makaburi yaliyomo njiani. Mikopo ya Benki ya Dunia nayo huja na masharti ya mazingira na jamii, na lazima awepo mtu wa kuyasimamia kila siku, si wa kuja na gari siku ya ukaguzi.

Ukweli mmoja ambao vyuo havisemi kwa sauti: wahitimu wengi huanza kama "sefti" kwenye saiti za ujenzi, kofia ngumu kichwani na fomu mkononi. Usalama kazini si taaluma uliyoisomea, ila ofisi nyingi huunganisha usalama, afya na mazingira kwa mtu mmoja ili kubana matumizi. Wapo wanaoona wameshushwa hadhi. Mimi naona ni mlango mzuri, mradi usisahau kutoka upande wa pili.

Na wanyamapori? Hiyo ni fani nyingine, yenye vyuo vyake, Mweka kikiwa maarufu zaidi. Tuendelee.

"Ripoti ya mazingira ni karatasi ya kununua"

Hapa ndipo penye chembe ya ukweli inayouma. Kisheria, mradi mkubwa haupaswi kuanza kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira, TAM kwa kifupi. Kiutendaji, wapo wataalamu wanaonakili ripoti ya kituo cha mafuta cha Mbeya na kuibandika Tanga wakisahau hata kubadilisha jina la mto. Mteja anataka cheti, mtaalamu anataka malipo ya mwisho, na anayelipa ni huyohuyo anayechunguzwa. Mpango huo una kasoro tangu kwenye msingi wake, na hakuna haja ya kuupamba.

Lakini tazama gharama ya kuifanya vibaya. Bwawa la umeme la Kihansi, megawati 180, lilikuwa tayari linajengwa pale watafiti walipogundua mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa badala ya kutaga, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu na si kwingine duniani. Mitambo ilipowashwa, maji ya maporomoko yalipungua kwa takriban asilimia 90. Ikabidi vyura 499 wapandishwe ndege kwenda Marekani kufugwa, korongoni yafungwe mabomba ya kunyunyizia maji mchana na usiku, na bado mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini. Walianza kurudishwa mwaka 2012. Utafiti wa viumbe uliofanywa mapema na kwa kina ungekuwa rahisi kuliko hayo yote.

Kihansi walioumia ni vyura. Owino Uhuru, Mombasa, waliumia watoto. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kiliwekwa ukuta kwa ukuta na makazi ya watu. Phyllis Omido, akiwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alipewa kazi ya kushughulikia tathmini ya mazingira. Mtaalamu aliyeletwa akasema waziwazi kuwa kiwanda kihamishwe. Ushauri ukapuuzwa, na Omido akaondolewa kwenye shughuli hiyo. Baadaye mwanawe akapimwa na kukutwa na risasi kwenye damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Angalia kilichosimama mahakamani: vipimo vya damu, udongo na maji. Ripoti iliyopuuzwa nayo haikufa. Ilibaki kuonyesha kwamba wenye mali waliambiwa.

"Ukihitimu tu, unaandika TAM"

Hapana. Tanzania unahitaji kusajiliwa kama mtaalamu wa mazingira kabla ya kuongoza tathmini, na usajili huangalia uzoefu, si cheti cha digrii pekee. Kenya nako NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, inatofautisha mtaalamu kiongozi na mtaalamu mshiriki. Miaka ya mwanzo utabeba vifaa, utaandika sura mbili za ripoti ambayo jina lako litatajwa mwishoni, na utaitisha mikutano ya vijiji ambako mzee mmoja atakuuliza swali ambalo hadidu za rejea zimelisahau.

"Ajira za kijani zimejaa, pesa ni ya kaboni"

Dhana hii ni mpya na inatoka kwenye makongamano. Zile za zamani ziliikandamiza fani, hii inaivimbisha. Biashara ya kaboni, yaani kuuza hewa ukaa iliyohifadhiwa na miti, ipo kweli. Mikoko Pamoja, kijijini Gazi upande wa Kwale, imekuwa ikiuza kaboni ya mikoko tangu mwaka 2013, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Tanzania ilitunga kanuni zake za biashara hiyo mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko Sokoine, Morogoro.

Ila miradi hiyo haiajiri maelfu, na wahitimu ni wengi kuliko nafasi. Wengi watajitolea kwanza, kisha mkataba wa miezi sita, kisha mwingine. Anayepita haraka ni yule aliyetoka chuoni na kitu ambacho ofisi haina: anayeweza kuchora ramani kwenye QGIS, programu ya ramani za kompyuta, bila kushikwa mkono, anayeitambua mimea kwa majina, au anayeandika ripoti ya Kiingereza inayosomeka na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya kijiji.

Kazi ya kaboni yenyewe, ukiifikia, ni kuzungushia mti futi ya kupimia kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kuandika namba, kwenda kwenye mti unaofuata, hadi jua lizame. Kisha kukaa wiki nzima mbele ya kompyuta ukizitafuta namba ambazo mtu alizikosea kuandika.