Mashine imesoma 6.3: sasa ufanyeje?

Mama mmoja aliingia kliniki akaweka daftari mezani hata kabla hajakaa. Alikuwa amepimwa bure kwenye viwanja vya maonyesho, akaambiwa sukari yake "iko mpakani", na siku ileile akapitia duka la dawa kununua mashine ya kupimia sukari ya damu. Jumatano peke yake alikuwa amejitoboa mara kumi na moja: 6.3, 5.4, 7.9, 6.0, 6.8, na kuendelea hadi saa nne usiku. Vidole vyake vilikuwa na vidoti kama vya fundi wa kushona magunia. "Daktari," akasema, "hii sukari inanichezea."

Haikuwa inamchezea. Yeye ndiye aliyekuwa akiiuliza mashine swali lisilo lake: nina ugonjwa au sina? Mashine ya nyumbani hailijibu swali hilo. Inachoweza kukuonyesha ni tabia ya sukari yako, yaani inapanda lini, kwa chakula gani, na inachukua muda gani kurudi.

Chukua hiyo 6.3 yake ya asubuhi kabla ya kula. Kiwango cha kimataifa cha ubora wa mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka vipimo 95 kati ya 100 visipishane na vya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, pale sukari inapokuwa 5.55 au zaidi. Kwa hiyo mashine nzuri kabisa ikisoma 6.3, sukari yenyewe inaweza kuwa popote kati ya 5.5 na 7.4. Sasa linganisha na mipaka ya Shirika la Afya Duniani: asubuhi kabla ya kula, chini ya 6.1 ni kawaida, 6.1 hadi 6.9 ni hali ya kuelekea kisukari, na 7.0 kwenda juu ni kisukari. Namba moja ya mashine imegusa makundi yote matatu. Wamarekani nao huanza kuhesabu hali hiyo mapema zaidi, kwenye 5.6, ndiyo maana ukisoma huku na huku unaweza kujikuta mzima kwa hawa na mgonjwa mtarajiwa kwa wale.

Jambo jingine linalowatisha watu bure ni kipimo chenyewe cha namba. Hapa kwetu tunatumia milimoli kwa lita, lakini mashine nyingine huletwa zikiwa zimewekwa miligramu kwa desilita. Nimewahi kupigiwa simu usiku na mtu aliyesoma 104 akadhani anakaribia kuanguka. Gawanya kwa 18: hiyo ni 5.8.

Hukumu hutolewa na maabara, kwa damu ya mshipa. Kuna sukari ya asubuhi baada ya kukaa bila kula angalau saa nane. Kuna kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili, ambapo 7.8 hadi 11.0 ni hali ya kuelekea kisukari na 11.1 kwenda juu ni kisukari. Na kuna HbA1c, ambayo wagonjwa wetu huiita kipimo cha miezi mitatu, kwa sababu huonyesha sukari iliyogandia kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi takriban siku 120. Hiki cha mwisho watu hukipenda kwa kuwa hakihitaji kufunga, lakini kwetu huku kina mtego. Mwenye selimundu, aliyetoka kuongezewa damu, au ambaye chembe zake zinavunjika haraka kwa sababu yoyote, anaweza kupata jibu la chini kuliko hali halisi. Mwenye upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma anaweza kupata la juu. Wanaobeba kirithi kimoja tu cha selimundu ni wengi Afrika Mashariki, na wengi wao hawajijui, kwa hiyo HbA1c isiyoshabihiana na vipimo vingine isikubaliwe kichwa kichwa.

Baada ya hapo ndipo mashine yako ya nyumbani inapopata kazi yake. Lakini kwanza tukague mkono.

Nilimwomba yule mama ajipime mbele yangu. Alikuwa ametoka kumenya embe la mjukuu kwenye benchi. Alifuta kidole kwa kitenge, akajitoboa katikati ya ncha, akakikamua kama anakamua limau. Mashine ikasoma 9.8. Tukaenda kwenye bomba, akanawa kwa maji na sabuni, akakausha, akajitoboa kidole kingine: 6.1. Sukari ya tunda inayobaki kwenye ngozi inatosha kuipotosha mashine, na spiriti peke yake haiiondoi vizuri. Kunawa ndiyo dawa, na mikono ikauke, maana maji huizimua damu. Toboa pembeni mwa kidole, si katikati penye hisia nyingi. Ning'iniza mkono chini kidogo ili damu ishuke. Ukikamua kwa nguvu unachanganya damu na majimaji ya mwilini.

Stripu, vile vibanzi vya kuwekea damu kwenye mashine, nazo zina adabu zake. Kopo lifungwe mara tu unapotoa moja, kwa kuwa joto na unyevu huziharibu, na mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hahitaji kuelezwa unyevu ni nini. Usiziweke juu ya friji, wala dirishani, wala ndani ya gari. Soma pia kopo linasema zitumike ndani ya miezi mingapi baada ya kufunguliwa. Ununuzi wa makopo mengi kwa bei ya jumla mara nyingi huishia kwenye taka. Na kijisindano ni cha mtu mmoja. Nimeona familia nzima ikitobolewa kwa kimoja sebuleni siku ya sikukuu, kama mchezo. Homa ya ini aina ya B husambaa hivyo hivyo.

Ratiba ninayompa mtu ambaye hajaanza dawa ni ndogo kuliko anavyotarajia. Kwa wiki mbili, pima asubuhi tatu kila wiki kabla ya kula chochote, na chai ya rangi yenye sukari ni chakula. Kisha chagua milo miwili kwa wiki uipime kwa jozi: kabla hujaanza kula, halafu saa mbili tangu tonge la kwanza, si tangu kunawa mikono mwishoni. Jumla ni stripu 14. Ukimaliza, weka mashine kabatini.

Jozi hizo ndizo zenye utamu. Yule mama alirudi na kurasa mbili tu safari hii. Sahani ya wali wa nazi na maharage, ile ya kawaida yake: 5.7 kabla, 9.6 baada ya saa mbili. Wiki iliyofuata akapakua nusu ya wali ule, akajaza mchicha na samaki, akatembea hadi kwa dada yake na kurudi kama dakika ishirini: 5.8 kabla, 7.4 baada. Hakuna hotuba yangu ambayo ingemwambia hivyo kwa nguvu ileile. Fahamu tu kwamba damu ya kidole baada ya kula kwa kawaida husoma juu kidogo ya ile ya mshipa, na hata mtu mzima kabisa anaweza kuvuka 7.8 kwa muda mfupi baada ya pilau la harusi. Unatafuta mwenendo, siku baada ya siku.

Wengi hushangaa kwamba asubuhi wamepima 6.2 wakati usiku walilala na 5.5 na hawakula kitu. Alfajiri mwili hutoa homoni za kukuamsha, nazo hulisukuma ini litoe sukari iliyohifadhi. Usingizi mbovu hupandisha, na homa ya malaria au jino lililooza vilevile. Hupandisha zaidi vidonge vya prednisolone na dexamethasone, ambavyo watu hujinunulia holela kwa ajili ya maumivu au kunenepa. Andika mambo hayo pembeni ya namba. Namba isiyo na maelezo hainisaidii kitu.

Kinachorudisha sukari nyuma kinajulikana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, wenye watu zaidi ya 3,200 waliokuwa katika hali ya kuelekea kisukari, uliwataka baadhi yao wapunguze asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi mengine dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, walipungua kwa asilimia 31. Usiazime vidonge vya jirani basi. Daktari ndiye wa kuamua kama wewe unavihitaji.

Usisubiri wiki mbili ziishe ikiwa asubuhi mbili zimefika 7.0 au zaidi ukiwa umenawa mikono vizuri: njoo wiki hiyohiyo. Ukisoma 11.1 au zaidi huku una kiu isiyoisha, unakojoa mara kwa mara na nguo zinakupwaya, njoo siku hiyohiyo. Ukiongeza kutapika au kupumua kwa kasi, nenda dharura moja kwa moja.

Unapokuja, njoo hujala na uje na mashine yenyewe pamoja na daftari. Tutachukua damu ya mshipa na kukupima kidole kwa mashine yako dakika hiyohiyo, tujue imepishana na maabara kwa kiasi gani. Na kabla hujatoka nyumbani angalia saa yake. Ya yule mama ilikuwa inasema ni Januari 2015, saa tisa usiku.