Picha iliyofunguliwa kama barua

Mwenye duka moja la stesheneri aliniletea nembo ya mteja wake kwenye flashi. Faili la PNG, yaani aina mojawapo ya faili za picha, halifunguki popote. "Nililifungua kwenye programu ya kuandikia nione kuna nini ndani," akaniambia, "nikakuta vikorokoro vitupu, nikalifunga." Nikamuuliza kama programu ilimwuliza ahifadhi kabla ya kufunga. Akanyamaza kidogo. Ilimwuliza, naye akakubali.

Hapo nilishajua nitakachokikuta. Faili zima la PNG huanza kwa baiti hizi 8, zikiandikwa kwa namba za msingi wa 16:

89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A

La kwake lilianza kwa EF BF BD 50 4E 47. Ile 89 haipo, na mahali pake zimekaa baiti 3.

Programu ya kuandikia huchukulia kila faili kuwa maandishi. Nyingi za siku hizi husoma kwa UTF-8, utaratibu wa kugeuza baiti kuwa herufi, na humo baiti 89 haiwezi kusimama peke yake kama herufi. Ikikutana nayo, programu huweka alama ya kuziba pengo, ile almasi nyeusi yenye kiulizo ndani, ambayo ikihifadhiwa huwa EF BF BD. Balaa ni kwamba FF nayo hugeuzwa hivyo hivyo, na C0 pia. Zikishavaa sura moja, hakuna fundi wa kuzitambua tena. Nembo ile ilibidi ichorwe upya, na iliniuma, kwa sababu ilipotea kwa kubofya mara moja tu.

Waliobuni PNG waliwaza ajali za namna hii. Baiti 89 iliwekwa makusudi ili njia inayopitisha biti 7 tu kati ya 8 za kila baiti iumbuke. Zile 0D 0A, alama ya mwisho wa mstari kwenye Windows, hunasa programu inayoigeuza kuwa ya Unix; 0A ya mwisho hunasa inayofanya kinyume. 1A ilikuwa ikiisimamisha DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, isiendelee kumwaga faili kwenye skrini. Napenda sana ufundi huu.

Nikitaka kuona na kuhariri baiti za faili bila kuliharibu, mimi hutumia Vim, programu ya kuhariri maandishi, na xxd inayokuja nayo, ambayo hugeuza baiti kuwa namba na kuzirudisha. Natengeneza nakala ya faili kwanza, kisha:

vim -b nembo.png
:%!xxd

Usiisahau -b. Ndiyo inayoizuia Vim kubadili usimbaji (namna baiti zinavyosomwa kama herufi), au kuongeza 0A mwishoni mwa faili lisilokuwa nayo. Sasa kila mstari una baiti 16: kushoto anwani, katikati namba, kulia herufi, na nukta pale ambapo hakuna herufi ya kuonyesha. Kwenye PNG, mstari wa pili huanza na upana wa picha kwa baiti 4, kisha urefu kwa 4 nyingine. Ukiona 0000 0400, huo ni upana wa pikseli 1024.

Hariri namba za katikati tu. Wengi hubadilisha herufi za kulia, halafu wanashangaa faili limebaki vilevile. Xxd haizisomi wakati wa kurudi. Tena badilisha baiti kwa baiti, usiongeze wala usipunguze. Na ukigusa ule upana, jua kuwa mbele yake kuna baiti 4 za CRC zinazohakiki sehemu hiyo, hivyo programu nyingi zitaikataa picha mpaka nazo uzirekebishe.

Ukimaliza, rudisha kabla ya kuhifadhi:

:%!xxd -r
:w

Ukihifadhi bila ile amri ya xxd -r, utakuwa umeandika jedwali la namba mahali pa picha.

Mwisho nalinganisha na nakala:

cmp -l nakala.png nembo.png

Nikiwa nimebadilisha baiti moja, natarajia mstari mmoja: nafasi ya baiti, thamani ya zamani na mpya, ila thamani hizo huandikwa kwa msingi wa 8, kwa hiyo 89 utaiona kama 211. Ikitokea mistari zaidi, faili hilo silimpi mteja.