Mtiririko wa Damu Ubongoni na Jinsi Maabara Zinavyouchunguza: Maswali na Majibu

Swali moja husikika mara kwa mara katika kliniki za shinikizo la damu jijini Dar es Salaam: iwapo presha ya mgonjwa imefika 200 kwa 120 na hana dalili yoyote, kwa nini daktari aishushe taratibu kwa siku na wiki, ilhali zipo dawa zinazoweza kuishusha kwa dakika chache? Jibu linatokana na namna ubongo unavyosimamia damu yake wenyewe, jambo lililofahamika kwa kuunganisha majaribio ya mshipa mmoja, vipande vya ubongo, wanyama hai na vipimo vya watu.

Ubongo unasimamiaje damu yake?

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na kila gramu 100 zake hupitiwa na wastani wa mililita 50 za damu kwa dakika. Kwa kuwa hauna akiba ya maana, hauwezi kuachia mtiririko huo upande na kushuka kila presha inapobadilika. Presha ikipanda, ateri zake ndogo hujibana; ikishuka, hutanuka. Mwaka 1959 Niels Lassen wa Denmark alikusanya vipimo vya watu na kuonyesha kwamba mtiririko hubaki karibu palepale wakati presha ya wastani ya ateri (namba moja iliyo kati ya ile ya juu na ile ya chini) iko kati ya 60 na 150 hivi, ingawa tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa ukanda huo ni mwembamba kuliko alivyouchora.

Mshipa mmoja huchunguzwaje nje ya mwili?

Mtafiti hutoa ateri kutoka kwenye ubongo wa panya, yenye upana wa takriban robo ya milimita, akaifunga kwa uzi mwembamba kwenye mirija miwili ya kioo, ndani ya maji yenye chumvi na joto la nyuzi 37. Kisha huongeza presha ndani yake hatua kwa hatua huku akiitazama kwa hadubini. Puto likijazwa hewa hutanuka, lakini ateri hii baada ya kutanuka kidogo hujikaza na kuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa, bila kuamrishwa na neva wala homoni yoyote. Tabia hiyo William Bayliss wa Uingereza aliieleza mwaka 1902. Leo tunajua kwamba kuvutwa kwa ukuta wa mshipa huishia kufungua vilango vya kalsiamu katika seli za misuli yake, na vilango hivyo ndivyo vinavyozibwa na amlodipini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa presha hapa nchini wanaimeza kila siku.

Kasoro ya mfano huu ni kwamba mshipa uko peke yake, umetengwa na seli za ubongo unaozihudumia.

Je, vipande vya ubongo havitatui kasoro hiyo?

Hutatua kwa sehemu. Kipande chenye unene wa milimita 0.3 hubaki na seli za neva, mishipa na astrosaiti, yaani seli zenye umbo la nyota ambazo miguu yake hukumbatia mishipa ya damu. Hata hivyo ndani ya mishipa hiyo hakuna damu inayotembea wala presha, hivyo mara nyingi hulazimu kuibana kwanza kwa dawa ili kutanuka kwake kuonekane. Mwaka 2003 kundi moja la watafiti liliripoti kwamba astrosaiti zikichochewa hutanua mishipa. Mwaka 2004 kundi jingine likaona zinaibana. Ilipofika 2008, Grant Gordon na wenzake walionyesha kwamba kiasi cha oksijeni katika maji yanayozunguka kipande kinaweza kugeuza jibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa maoni yangu, kisa hiki ndicho kinachofundisha zaidi: matokeo ya maabara hayasomwi bila kuuliza yalipatikana katika mazingira gani.

Kwa nini basi wanyama hai bado wanatumika?

Kwa sababu ndani yao moyo unapiga na damu inatembea. Fuvu la panya hufunguliwa dirisha dogo la kioo, na hadubini ya leza huonyesha chembe za damu zikipita katika kapilari, mishipa midogo kabisa, wakati sharubu zake zinaguswa ili eneo husika la ubongo lifanye kazi. Nusukaputi nayo huvuruga mishipa, hivyo watafiti wengi huwazoesha panya kupimwa wakiwa macho.

Na kwa binadamu?

Mawimbi ya sauti hupitishwa kwenye panja, mahali mfupa ulipo mwembamba, kupima kasi ya damu. Kwa mtoto mwenye selimundu, kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi huashiria hatari kubwa ya kiharusi.

Haya yanamhusu vipi mgonjwa wa presha?

Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za ateri hunenepa na ukanda wote wa Lassen husogea juu. Mtu huyo akishushwa ghafla hadi kiwango ambacho kwa mwingine ni cha kawaida, ubongo wake unaweza kukosa damu. Ndiyo maana kuweka nifedipini ya majimaji, dawa ya kushusha presha haraka, chini ya ulimi, mtindo ulioenea zamani, kuliachwa baada ya kuripotiwa wagonjwa waliopata kiharusi. Usiongeze dozi mwenyewe kwa sababu kipimo cha duka la dawa kimeonyesha namba kubwa. Rudi kwa daktari aipange upya.

Mgonjwa ambaye mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa ni suala jingine: apelekwe hospitali mara moja, bila kupewa nyumbani dawa ya kushusha presha, kwa kuwa eneo la ubongo lililopungukiwa damu huwa limepoteza uwezo wa kutanua mishipa yake zaidi na linategemea presha iliyopo.