Kwa nini kampuni iliwaomba wateja wasinunue koti lake?

Ijumaa ya tarehe 25 Novemba 2011, siku ambayo Wamarekani hufurika madukani kwa ajili ya punguzo la bei, gazeti la New York Times lilibeba tangazo la ukurasa mzima la kampuni ya nguo ya Patagonia. Lilikuwa na picha ya koti, na maneno makubwa: usinunue koti hili. Chini yake kampuni ilikiri kwamba koti hilo moja lilihitaji lita 135 za maji, kiasi cha kuwanywesha watu 45 glasi tatu kwa siku. Ikawasihi wateja washone kilichochanika kabla ya kukimbilia kipya.

Kwa nini mfanyabiashara ajizibie riziki? Jibu linaanzia kwa mwanzilishi wake, Yvon Chouinard. Mwaka 1957 alijifunza uhunzi, akawa anafua misumari ambayo wapanda majabali huipigilia kwenye nyufa za mwamba ili wafunge kamba. Aliiuza kutoka kwenye buti ya gari, dola 1.50 mmoja. Kufikia 1970 hakuna aliyeuza vifaa vingi vya kupandia majabali kuliko yeye nchini Marekani. Lakini misumari ile, kwa kupigiliwa na kung'olewa kila siku, ilikuwa inaitafuna miamba ya Yosemite, bonde la California, aliyoipenda. Akaamua kuachana nayo, ingawa ndiyo iliyomlisha. Katalogi yake ya 1972 ikaja na vipande vya alumini vinavyopachikwa kwa mkono, bila nyundo, na wapandaji wakavikimbilia. Kwangu mimi, huu ndio uamuzi uliozaa mengine yote.

Patagonia yenyewe, ya nguo, ilianza 1973 huko Ventura, California. Mwaka 1988 wafanyakazi wa duka lake jipya la Boston waliumwa vichwa, na chanzo kikaonekana kuwa formaldehaidi, kemikali iliyokuwa kwenye nguo za pamba. Kampuni ikachunguza pamba yake inalimwaje, ikashtushwa na wingi wa dawa za mashambani, na kufikia 1996 ikawa inatumia pamba ya kilimo hai tu, japo ni ghali zaidi.

Haikuwa safari ya malaika. Mwaka 1991, baada ya kukua kwa pupa na benki kukaza mikopo, watu 120 walipunguzwa kazini, mmoja katika kila watano. Woga wa kukua ovyo ulibaki, na tangazo la 2011 lina harufu yake. Hata hivyo mauzo yalipanda baada ya tangazo hilo, na wanaohoji nia ya kampuni wana haki ya kuuliza.

Jibu zito zaidi kwao lilikuja Septemba 2022. Familia ya Chouinard iliitoa kampuni yote, iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 3. Asilimia 2 ya hisa, zenye kura zote, zilikabidhiwa kwa mfuko wa amana unaolinda malengo yake. Asilimia 98 zikaenda kwa Holdfast Collective, shirika linalopokea faida isiyorudishwa kwenye biashara na kuitumia kupambana na mabadiliko ya tabianchi.