Spana Moja, Tundu Moja la Hewa: Marubani Wanawake wa Miaka ya 1920 na 1930 kwa Jicho la Fundi

Kila jioni kabla ya kufunga hanga, yaani banda la ndege, nahesabu spana. Ubao wetu wa zana umechorwa umbo la kila kifaa, hivyo nafasi iliyo wazi huonekana kutoka mbali. Ikikosekana bisibisi moja, hakuna anayekwenda nyumbani na ndege haisainiwi. Nilipokuwa mwanagenzi katika uwanja mmoja mdogo, tulikuta tochi ndani ya ubawa wa ndege iliyokuwa imeruka siku 3 mfululizo. Haikuwa imegusa kebo yoyote ya usukani. Usiku ule sikupata usingizi, na muda si mrefu baadaye nikaanza kumsoma Bessie Coleman.

Coleman hutajwa kama mwanamke Mweusi wa kwanza wa Marekani kupata leseni ya urubani. Alikuwa akitengeneza kucha kwenye kinyozi mjini Chicago. Shule za urubani za kwao zilimkataa kwa rangi yake na kwa kuwa mwanamke, basi akajifunza Kifaransa, akavuka bahari mwaka 1920 na kusomea urubani kwenye shule ya ndugu wawili wa ukoo wa Caudron, huko Le Crotoy, Ufaransa. Leseni aliipata tarehe 15 Juni 1921. Aliporudi aliishi kwa maonyesho ya angani, huku akitafuta fedha za kufungua shule ya urubani kwa ajili ya Weusi wenzake.

Ndege aliyomudu kununua ilikuwa Curtiss JN-4, masalio ya Vita Kuu ya Kwanza. Fundi wake, William Wills, aliirusha kutoka Texas hadi Jacksonville, Florida, na njiani ikamlazimu kutua mara 3 kwa hitilafu. Ndege inayokushusha mara tatu katika safari moja imekwisha kukuambia ilivyo. Tarehe 30 Aprili 1926 walipaa pamoja, Wills akishika usukani. Coleman hakufunga mkanda, kwa sababu alitaka kuinama na kuuchungulia uwanja ambao kesho yake angeurukia kwa parachuti. Ghafla ndege ikapiga mbizi ikizunguka. Coleman alirushwa nje akafa, na Wills akafa na ndege. Kwenye mabaki ilikutwa spana iliyokuwa imebana mitambo ya usukani.

Wengi husimulia kifo hicho kama bei ya ujasiri. Mimi nakiona kama bei ya kuachiwa mashine iliyochakaa, katika nchi ambayo mlango wa hanga nzuri ulikuwa umefungwa kwa mtu kama yeye. Ujasiri wake haukuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana Amy Johnson ananivutia kuliko wote. Alizaliwa Hull, Uingereza, mwaka 1903, akasoma uchumi chuo kikuu, kisha akawa karani kwa wakili mmoja London. Alijiunga na klabu ya ndege ya Stag Lane, na hakuridhika kukaa kitini na kushika usukani tu. Aliingia hangani, akavaa ovaroli na kufundishwa na fundi Jack Humphreys. Mwaka 1929 alipata leseni mbili: ya urubani, na ile ya daraja C inayomruhusu fundi kukagua injini. Hii ya pili hakuna mwanamke Mwingereza aliyekuwa ameipata kabla yake, na kwa maoni yangu ndiyo iliyomfikisha Australia.

Aliondoka Croydon tarehe 5 Mei 1930, peke yake, kwa ndege ndogo iliyotumika, aina ya Gipsy Moth, aliyoiita Jason. Injini yake ilikuwa na silinda 4, ikipozwa na upepo, yenye nguvu za farasi zipatazo 100. Hakuwa na redio, na kiti chake kilikuwa wazi kwa jua na mvua. Kabla ya hapo, safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka London hadi nyumbani kwao Hull.

Injini ya namna ile haikuwa ya kujaza mafuta na kuondoka. Baada ya kutwa nzima hewani ilibidi plagi zisafishwe, nafasi za vali zipimwe, oili imwagwe na kichujio kioshwe. Petroli ya viwanja vya njiani ilichanganyika na maji na uchafu, kwa hiyo ilichujwa kwa ngozi laini, polepole. Rubani mwenye fundi angekwenda kulala. Johnson alianza zamu ya pili, masikio yakiwa bado yanavuma. Alifika Karachi kwa siku 6, akiwa mbele kwa siku 2 ya rekodi ya Bert Hinkler, rubani aliyekuwa ameruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1928.

Kisha, karibu na Rangoon, Burma (leo Myanmar), akatua kwenye uwanja wa mpira wa chuo cha ufundi cha Insein na ndege ikaishia mtaroni. Propela ilivunjika, ubawa ukachanika. Lakini ubavuni mwa Jason alikuwa amefunga propela ya akiba, na ubawa ukashughulikiwa na watu wa chuo chenyewe. Rekodi ilimponyoka hapo. Hata hivyo alitua Darwin tarehe 24 Mei, kiasi cha kilomita 18,000 kutoka Croydon, mwanamke wa kwanza kufika Australia peke yake kwa ndege. Ukibeba propela ya akiba maana yake unajua utaivunja iliyopo, na hiyo ni akili ya fundi.

Beryl Markham anatugusa kwa karibu zaidi. Alikulia Njoro, Kenya, akafundisha farasi wa mashindano, kisha rubani Tom Campbell Black akamfundisha kurusha ndege. Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, kuelekea magharibi kwa ndege ya Vega Gull yenye usajili wa Kenya, VP-KCC. Amelia Earhart, rubani wa Marekani, alikuwa amevuka Atlantiki mwaka 1932 akielekea mashariki, upepo ukimsukuma mgongoni. Markham upepo ulimpiga usoni kwa zaidi ya saa 20.

Alipokaribia nchi kavu ya Kanada, injini ilizima ingawa mafuta yalikuwamo. Yeyote aliyewahi kumimina mafuta ya taa kutoka kwenye dumu anajua sababu. Ukiziba kwa kidole kitundu cha juu, hewa haiingii, na mafuta yanagoma kutoka. Tangi la ndege nalo ni hivyohivyo, na barafu ilikuwa imefanya kazi ya kidole. Alianguka kwenye tope la Cape Breton, pua ya ndege ikazama, akatoka na jeraha kichwani. Alikuwa mtu wa kwanza kuvuka kutoka Uingereza kwa upande huo akiwa peke yake bila kutua njiani. Ninapokagua ndege ndogo, kitundu hicho nakigusa kwa kidole. Macho peke yake siyaamini.

Yuko pia mmoja ambaye hakusifika kwa urubani. Florence Kerr Wilson, mjane wa Nairobi, alianzisha Wilson Airways mwaka 1929, Campbell Black akiwa rubani wake. Walianza na Gipsy Moth moja, ndugu wa Jason. Miaka michache baadaye ndege zao zilibeba barua na abiria hadi pwani, Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, mpaka Vita Kuu ya Pili vilipoichukua kampuni.

Uwanja wa Wilson wa Nairobi una jina la mama huyo. Mwanagenzi wangu, binti mwenye mkono mwepesi kwenye karabureta, alidhani Wilson alikuwa mwanamume. Nilimsimulia juzi tukiwa tunahesabu spana, na akanisimamisha mara mbili ili asipoteze hesabu.